Kabla ya Kubandika Taili: Kutayarisha Kuta za Bafu la Zamani Zisipitishe Maji



Vikundi vingi tunavyovitembelea vimeacha kununua sufuria na blanketi katika mzunguko wao, na badala yake vinarekebisha nyumba za wanachama, moja baada ya nyingine. Zamu hii ni bati, zamu ijayo ni sakafu, halafu bafu. Hilo tunalipongeza sana. Lakini ni kwenye bafu ambapo tumeona pesa za kikundi zikipotea upesi kuliko mahali pengine pote. Siku ya kukabidhi kazi taili zinang'aa na watu wanapiga makofi. Kabla ya mwaka kwisha, ukizigonga zinalia kama debe tupu, kisha zinaanza kuanguka moja moja. Mwanachama aliyepata zamu ya kwanza ndiye anayebaki na hasara, na hawezi kudai tena kwa sababu zamu yake imepita. Wale wa zamu za mwisho nao wanaanza kuulizana kwa nini waendelee kutoa mchango. Kikundi kinaweza kuvunjika kwa sababu ya ukuta mmoja wa bafu.

Jambo ambalo tungetaka kila mwanakikundi alielewe ni hili: taili hazizuii maji. Taili yenyewe ni ngumu, ni kweli, lakini katikati ya taili na taili kuna ule mstari wa simiti, na mstari huo hunywa maji kidogo kidogo kila mtu anapooga. Rangi ya mafuta nayo huzuia kwa muda tu, mpaka ipate ufa mdogo usioonekana. Hata plasta ya kawaida ya simiti na mchanga ina matundu madogo madogo mengi. Maji yakishaingia humo yanasafiri mpaka kwenye jiwe, yanatokea upande wa pili, na mara nyingi upande huo ni chumba cha kulala. Hapo ndipo unaona rangi ikivimba na unga mweupe ukitoka ukutani. Unga huo ni chumvi. Maji yameiyeyusha ndani ya mawe na simiti, na yanapokauka yanaiacha nje. Ukuvu mweusi nao unafuata, na hewa ya ukuvu si nzuri kwa mtoto mwenye pumu au mzee mwenye kifua kibovu.

Basi kinachozuia maji ni ukuta ulio nyuma ya taili, na jinsi ulivyotayarishwa. Kazi kubwa haionekani ikiisha, na ndiyo sababu wengi huiruka.

Kwanza: maji yanatoka wapi?

Usinunue hata kilo moja ya simiti kabla ya kujibu swali hili. Ukuta wa bafu unaweza kulowa kwa njia tatu, na kila njia ina dawa yake.

Njia ya kwanza ni maji ya kuoga yenyewe, yanayorukia ukuta kutoka ndani. Dalili yake ni unyevu ulio sehemu ile ile watu wanaposimama kuoga, na unaopungua familia ikisafiri siku kadhaa.

Njia ya pili ni bomba linalovuja ndani ya ukuta. Nyumba nyingi za zamani zina mabomba ya chuma, na chuma hula kutu kutoka ndani. Hebu fanyeni hivi: jioni, watu wote wakishamaliza kutumia maji, fungeni mifereji yote vizuri. Kama kuna mita ya maji, andikeni namba zake. Kama maji yanatoka kwenye tangi la nyumbani, fungeni bomba linaloingiza maji, kisha wekeni alama ya chaki pale maji yalipofika. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kugusa maji, mwende kuangalia. Namba zikiwa zimesonga, au maji ya tangi yakiwa yameshuka, kuna mahali panavuja. Ukuta hautakauka kamwe mpaka bomba hilo libadilishwe, hata ukipaka dawa ya bei gani. Wakati wa kubadilisha ni sasa, ukuta ukiwa wazi. Kuvunja taili mpya kwa ajili ya bomba la zamani ni uchungu ambao hatungependa mwanachama yeyote aupate.

Njia ya tatu ni maji yanayopanda kutoka ardhini au kuingia kutoka nje. Huku mashambani njia hii ndiyo inayosahaulika. Unyevu wake huanzia chini, unapanda kama utambi wa taa unavyofyonza mafuta ya taa, na mara nyingi huishia futi mbili au tatu kutoka sakafuni. Zungukeni nyuma ya nyumba mkaangalie. Je, udongo umerundikana ukutani mpaka ukapita kimo cha sakafu ya ndani? Je, paa halina mfereji, maji ya mvua yanamwagika pale pale kwenye msingi? Je, ndoo za maji machafu zinamwagwa hapo? Kama ndivyo, chukueni majembe kwanza. Ondoeni udongo mpaka uwe chini ya sakafu kwa angalau inchi 6, wekeni mfereji wa bati, na chimbeni mtaro wa kupeleka maji mbali. Kazi hii haina gharama isipokuwa jasho, na bila kuifanya, dawa yoyote mtakayopaka upande wa ndani itasukumwa na maji kutoka nyuma mpaka ibanduke.

Mkiwa hamna uhakika ni njia gani, kuna jaribio rahisi. Chukueni kipande cha nailoni safi kama futi moja na nusu kila upande, mkibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne hewa isipite. Kiacheni mpaka kesho yake. Mkikuta matone upande wa nyuma wa nailoni, ule unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Mkikuta matone upande wa mbele tu, huo ni mvuke wa maji ya moto unaokosa pa kutokea, na kinachohitajika zaidi ni dirisha au matofali ya matundu karibu na dari. Tumeona bafu ambalo lingepona kwa kuwekewa matofali ya matundu, na kumbe watu walikuwa wameshapiga hesabu ya taili za chumba kizima.

Kubomoa na kusafisha

Hapa kikundi kinaweza kuokoa pesa nyingi, kwa sababu kazi hii haihitaji diploma. Kazi ya bomba na ya stima ni ya fundi. Kukwangua, kuchekecha mchanga, kubeba vifusi na kumwagilia ni kazi yetu sote.

Kabla ya kugusa ukuta, zimeni swichi kubwa ya stima ya nyumba. Siku hizi mabafu mengi yana shawa ya umeme, na nyaya zake hupita ndani ya plasta mahali msipopatarajia. Tindo la chuma, mikono yenye maji, na waya ulio hai: tusiseme zaidi.

Sasa gongeni ukuta wote kwa mpini wa nyundo, kutoka juu mpaka chini, na sikilizeni. Plasta iliyoshika hutoa sauti nzito, kama kugonga gogo. Iliyoachana na ukuta hutoa sauti ya mtungi mtupu. Chora kwa chaki kila mahali penye sauti hiyo. Kama ni sehemu chache, bomoeni hizo tu, mkipita kingo zake kwa inchi chache mpaka mfike penye plasta ngumu. Lakini ikiwa nusu ya ukuta ni tupu, au ukiikwaruza kwa msumari inatoka unga, msione huruma. Bomoeni yote mpaka kwenye jiwe. Fundi anayewaambia kwamba atafunika ile mbovu kwa nyingine mpya anawauzia ukuta wa miezi sita.

Rangi ya mafuta ni adui mwingine. Simiti haishiki juu yake. Rushieni ukuta matone ya maji: yakiteremka kama juu ya jani la mgomba, rangi bado ipo na lazima itoke, au ukuta udonolewe kwa tindo sehemu zote, kila inchi mbili hivi, ili simiti mpya ipate pa kung'ang'ania. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Kwa hivyo lowesheni kabla ya kukwangua ili vumbi lisiruke, fungeni kitambaa puani, wapelekeni watoto kwa jirani, na mfagie mabaki mkayafukie mbali na kisima na bustani ya mboga.

Kama nyumba ni ya miaka mingi, hasa zile zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mashamba makubwa, shule au misheni, angalieni kama kuta au dari zina mbao za kijivu za asbesto. Msizikate, msizikwangue, msizivunje. Vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Ulizeni ofisi ya NEMA ya kaunti yenu jinsi ya kuziondoa, na kazi nyingine ingoje.

Ukuvu mweusi usuguliwe kwa brashi na maji yenye Jik, kisha uachwe ukauke. Angalizo: msichanganye Jik na dawa ya kusafishia choo wala asidi ya betri. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na bafu ni chumba kidogo. Ile chumvi nyeupe isioshwe kwa maji mengi, maana yataiyeyusha na kuirudisha ndani. Ipigwe brashi ikiwa kavu, ifagiwe, itupwe.

Kila ukuta na tabia yake

Ukuta wa mawe ya mashine, kama yale ya Ndarugo, ni laini usoni lakini hunywa maji sana. Plasta ikipigwa juu yake bila matayarisho, jiwe hunyonya maji yote ya simiti kabla haijashika. Ulowesheni jioni, na tena asubuhi. Kisha rushieni uji mzito wa simiti debe 1 na mchanga wa nafaka kubwa debe 2. Urushwe kwa mwiko kwa nguvu, usipakwe, ubaki na vipele kama ngozi ya fenesi. Acheni siku moja au mbili mkiumwagilia. Vipele hivyo ndivyo vinavyoishika plasta.

Matofali ya kuchoma ni rahisi zaidi. Chokoeni mistari katikati ya matofali ndani kama nusu inchi, mpige brashi, mloweshe.

Wasomaji wetu wa pwani wenye nyumba za mawe ya matumbawe, kama zile za mji wa zamani wa Lamu, wasikilize kwa makini. Kuta hizo zilijengwa kwa chokaa, na chokaa huuacha ukuta upumue. Ukiufunga ukuta huo kwa simiti, unyevu unanaswa ndani, na baadaye plasta inatoka na vipande vya jiwe. Hapo ni afadhali kulitenga eneo la kuogea kwa ukuta mwembamba mpya wa bloku uliosimama peke yake, na huo mpya ndio uzibwe maji. Ukuta wa zamani ubaki na chokaa yake. Na mchanga wa ufuoni usitumike hata kidogo. Chumvi yake haiishi.

Ukuta wa udongo hatutauzungukia maneno. Hauwezi kufanywa bafu la ndani. Kama nyumba ni ya udongo, pesa za zamu zijenge bafu dogo la mawe pembeni, hatua chache kutoka nyumbani.

Mchanga na plasta

Mchanga mchafu umeangusha plasta nyingi. Jazeni mchanga nusu ya chupa ya kioo, ongezeni maji na kijiko cha chumvi, mtikise sana, mwiache saa 3. Mchanga utakaa chini na matope juu yake. Matope yakizidi kama sehemu 1 kwa 12 ya kimo chote, mchanga huo uoshwe au urudishwe. Mwenye lori atalalamika, lakini chupa haina upendeleo.

Plasta ya bafu iwe debe 1 la simiti kwa debe 4 za mchanga uliochekechwa. Tunasisitiza debe, au karai, au ndoo, chochote mradi ni kile kile. Ukihesabu kwa sepetu, sepetu ya mchana mtu akiwa amechoka si ile ya asubuhi. Ongezeni unga wa kuzuia maji unaouzwa kwenye hadhiwea. Kwa nyingi ya dawa hizo kipimo ni kilo 1 kwa mfuko wa simiti wa kilo 50, lakini someni pakiti, kwani hazifanani zote. Changanyeni unga huo na simiti zikiwa kavu kwanza, halafu mchanga, na maji mwisho. Msichanganye zaidi ya mnayoweza kumaliza kwa saa moja. Simiti iliyoanza kukauka ikaongezewa maji imeshakufa.

Unene wa milimita 15 unatosha. Pembe ambapo ukuta hukutana na sakafu zisiachwe kali. Zizungushwe kwa chupa ya soda ziwe kama bakuli, kwa sababu pembe kali ndiyo hupasuka kwanza. Sakafu iteremkie tundu la maji kwa sentimita 2 kila mita 1.

Halafu kumwagilia. Siku 7, mara tatu kwa siku. Watu hufikiri plasta inahitaji kukaushwa, kumbe simiti hupata nguvu ikiwa na maji. Ikikauka kwa haraka inabaki na nyufa nyembamba kama nywele, na kila ufa ni mlango. Pangeni zamu ya kumwagilia mwiandike kwenye kitabu, kama mnavyoandika michango. Vaeni glavu au mifuko ya nailoni mikononi wakati wa kazi yote ya simiti. Simiti mbichi huchoma ngozi pole pole bila mtu kujua.

Kwa hesabu yenu: bafu la mita 1.5 kwa 1.8, lililobomolewa mpaka kwenye jiwe na kupigwa plasta kimo cha mita 2.1, linahitaji kama mifuko 4 ya simiti pamoja na sakafu, na wilbaro 7 au 8 za mchanga. Hapo bado taili na dawa ya kupaka.

Koti ya kuzuia maji

Zipo dawa za aina mbili kubwa. Kuna ile nyeusi ya lami, na ile ya simiti inayokorogwa ikawa kama uji na kupakwa kwa brashi. Ile ya lami ni nzuri kwa msingi na paa la zege, lakini ndani ya bafu hatuipendekezi, kwa kuwa taili hazishiki vizuri juu yake. Nunueni ile ya simiti. Tofauti nyingine: ya lami inataka ukuta mkavu kabisa, ya simiti inataka ukuta uliolowa lakini usio na maji yanayotiririka. Wengi huipaka juu ya ukuta mkavu, inanyonywa, inakuwa unga.

Pakeni koti mbili. Ya kwanza brashi iende juu na chini. Ikishashika, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, ya pili iende kulia na kushoto, ili tundu lililoachwa na ya kwanza lizibwe na ya pili. Mahali pa kuogea ipande mpaka mita 2. Kuta nyingine ipande angalau sentimita 20 kutoka sakafuni, na sakafu yote ipakwe. Kwenye pembe na kuzunguka mabomba, lazeni utepe wa wavu unaouzwa pamoja na dawa hiyo katikati ya koti mbili. Chandarua cha mbu kibaki kitandani.

Kama pesa za taili hazipo, si lazima. Plasta yenye dawa, ikapigwa niru ikasuguliwa kwa mwiko mpaka ing'ae, hukaa miaka mingi, na hiyo tungeichagua kuliko taili nzuri juu ya ukuta mbovu. Anayetaka rangi ya mafuta angoje wiki 4 plasta ikomae.

Chagueni pia majira. Januari na Februari, au kati ya Julai na Septemba, ukuta hukauka vizuri sehemu nyingi za nchi. Mkianza Aprili mvua itawashinda.

Kujaribu kabla ya kubandika

Dawa ikishakauka siku zilizoandikwa, zibeni tundu la sakafu kwa kitambaa kilichofungwa kwenye nailoni, wekeni kizingiti kidogo cha udongo mlangoni, mjaze maji kina cha inchi 1. Chora alama. Acheni saa 24. Siku ya pili angalieni alama, kisha mwende chumba cha pili na nje mkapapase ukuta kwa kiganja. Maji yakishuka kidogo sana, ni jua na hewa. Yakishuka sana, au ukuta wa pili ukiwa baridi na wenye maji, tafuteni mahali hapo, mara nyingi ni pembeni au penye bomba, mkapake tena na kujaribu tena. Kurudia kupaka kwa wakati huu ni gharama ya pakiti moja. Mweka hazina asitoe malipo ya mwisho ya fundi kabla ya jaribio hili, na hilo liandikwe katika makubaliano tangu mwanzo, fundi akiwepo.

Baada ya hapo bandikeni taili, na gundi ienee nyuma ya taili yote, si matone matano kama wengine wanavyofanya, kwa maana maji hukusanyika kwenye nafasi zilizo wazi. Na mwenye nyumba aelezwe kwamba rafu ya sabuni na ndoano ya taulo zikae kwenye ukuta wa mlango, mbali na shawa. Msumari mmoja ukipigwa pale watu wanapoogea umeshatoboa koti zote mbili.